Jua Lituongoze, Tusiliabudu

Sisi watu wa Unguja na Pemba saa zetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Sala nazo hulifuata: alfajiri kabla halijatoka, adhuhuri likipinduka, alasiri kwa urefu wa kivuli, magharibi likitua, na isha wekundu wa mbingu unapotoweka. Hata hivyo jua si mola. Sura ya Fussilat, aya ya 37, yakataza kulisujudia, na wanazuoni wetu hutufunza kutosali sunna zisizo na sababu wakati linapochomoza na linapotua.

Twaona inafaa kila mtu ajiwekee desturi yake: akisha kusali alfajiri, akae kitako mpaka jua litoke, avute uradi na aihesabu nafsi yake kabla ya shughuli. Desturi hiyo haina gharama. Lakini leo wengi hukesha mbele ya televisheni na simu, wakaamka kumekwisha kucha.

Serikali nayo ina sehemu yake. Hapa kwetu tofauti baina ya mchana mrefu na mfupi haifiki saa moja kwa mwaka mzima. Kwa hivyo nyakati za sala si vigumu kuzipangia. Mikutano ya ofisi na vikao vya shehia visiivuke adhuhuri bila ya mapumziko, hata mtumishi akalazimika kuchagua baina ya kazi na sala. Hatudhani kazi itazorota. Aliyetimiza haki ya Mola wake hurejea kazini na moyo uliotulia, na mwananchi anayengoja huduma ndiye atakayefaidika.