Silaha za viini: Mkataba usio na wakaguzi wategemea majirani

MNAMO Oktoba 2001, wakati Marekani ilipokuwa ikihangaishwa na barua zilizotiwa vijidudu vya kimeta, hofu hiyo ilitua Nairobi. Waziri wa Afya wa wakati huo, Prof Sam Ongeri, alitangaza kuwa barua iliyotumwa kutoka Atlanta ilikuwa imepatikana na vijidudu hivyo. Baadaye, uchunguzi zaidi ulibainisha kwamba barua hiyo haikuwa na kimeta.

Kisa hicho kiliacha swali ambalo eneo la Afrika Mashariki halijalijibu kikamilifu hadi leo. Ikiwa viini vya maradhi vitatumiwa kama silaha, ni nani atakayethibitisha upesi, na kauli yake iaminiwe na majirani?

Mtu angedhani jibu liko Geneva. Itifaki ya 1925 ilipiga marufuku matumizi ya silaha za viini vitani. Mkataba wa 1972, ulioanza kutekelezwa Machi 26, 1975, ulikwenda mbali zaidi na kuharamisha kuziunda, kuzitengeneza na kuzihifadhi. Hata hivyo, mkataba huo hauna wakaguzi. Mazungumzo ya kuupa meno yalisambaratika 2001 baada ya Marekani kuyakataa. Kitengo kinachousimamia, kilichobuniwa 2006, kina wafanyakazi wa kuhesabika kwa vidole, ilhali shirika linalosimamia marufuku ya silaha za kemikali lina mamia ya wafanyakazi, wakiwemo wakaguzi wanaoingia viwandani. Jopokazi lililoundwa 2022 kutafuta suluhu lilikutana Desemba 2024 na kutawanyika bila mwafaka.

Historia inaonyesha kwamba sahihi pekee haitoshi. Uliokuwa Muungano wa Kisovieti ulikuwa miongoni mwa wadhamini wa mkataba huo, lakini 1979 vijidudu vya kimeta vilivuja kutoka kituo cha kijeshi mjini Sverdlovsk na kuua watu wasiopungua 66. Ukweli ulikubaliwa na Rais Boris Yeltsin 1992, miaka 13 baadaye. Hapa barani, Afrika Kusini iliuridhia mkataba huo 1975, na bado utawala wa ubaguzi wa rangi ukaanzisha mradi wa siri uliojulikana kama Project Coast mapema katika miaka ya themanini. Tume ya Ukweli na Maridhiano ilielezwa mnamo 1998 kuhusu sigara zilizotiwa kimeta na vyakula vilivyotiwa sumu.

Mataifa ya Afrika Mashariki nayo hayakuingia katika mkataba huu kwa pamoja. Kenya ilijiunga 1976, Uganda 1992 na Burundi 2011. Tanzania ilitia sahihi 1972, lakini ikauridhia 2019. Sudan Kusini ilijiunga 2023. Pengo hilo la miongo kadhaa lina maana, kwa kuwa mkataba unaitaka kila nchi iwe na sheria za kuzuia na kuadhibu uhalifu huu nyumbani. Sheria kali upande mmja wa mpaka haina maana kubwa iwapo upande wa pili hauna.

Kuna wanaouliza kwa nini serikali zijishughulishe na silaha za viini ilhali hospitali hazina dawa. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau kwamba mhudumu wa maabara ni yule yule, na jokofu ni lile lile. Uganda ilipambana na Ebola 2022, Rwanda ikakabiliwa na Marburg 2024, nayo Kagera nchini Tanzania ikapata Marburg 2023 na tena 2025. Kila mkurupuko huacha sampuli zinazohitaji kulindwa. Zikilindwa vyema, huwa msingi wa chanjo na dawa. Zikipotea, huenda zikaangukia mikononi mwa watu waovu.

Hofu hiyo si ya kubuni. Mnamo 1992, viongozi na wafuasi wa dhehebu la Aum Shinrikyo la Japani walizuru Zaire, na inaaminika kwamba walikuwa wakisaka virusi vya Ebola. Hakuna ushahidi kwamba walivipata. Lakini Machi 1995, dhehebu hilo lilishambulia abiria wa treni za chini ya ardhi jijini Tokyo kwa gesi ya sumu aina ya sarin.

Kikwazo kikubwa katika eneo hili ni ukosefu wa imani. Wakati wa janga la corona mnamo 2020, madereva wa malori walikwama Malaba na Namanga huku serikali zikivutana kuhusu vyeti vya vipimo. Mwaka huo huo, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilizipa nchi wanachama maabara tisa za kuhamishika. Vifaa vilikuwepo, kilichokosekana ni nchi moja kukubali jibu la maabara ya nyingine.

Aidha, serikali huchelea kwamba kukiri kuwepo kwa mkurupuko kutawafukuza watalii na kufunga masoko. Ukimya wa namna hiyo ndio unaozaa uvumi, na palipo na uvumi si rahisi kutofautisha maradhi ya kawaida na shambulio.

Jumuiya inaweza kuanza na mambo matatu pasipo kusubiri mataifa makubwa. La kwanza ni kuwa na sheria zinazolingana kuhusu nani anaruhusiwa kuhifadhi na kusafirisha viini hatari. La pili ni mapatano ya kutambua matokeo ya maabara kama vile za KEMRI jijini Nairobi na taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe. La tatu ni wataalamu wa nchi moja kualikwa kukagua maabara za nyingine. Morocco ilishafungua milango yake kwa hiari kwa ukaguzi wa aina hiyo mnamo 2017.

Kongamano la kumi la kutathmini mkataba huo linatarajiwa kufanyika kabla ya 2027 kumalizika. Mataifa ya Afrika Mashariki yatasikilizwa zaidi Geneva yakifika huko yakiwa tayari yamekaguana yenyewe kwa yenyewe.