Tamko Kuhusu Vikundi vya Misheni vya Muda Mfupi katika Shule za Msingi za Vijijini

Sisi walimu wakuu, walimu wa taaluma na wenyeviti wa kamati za shule za msingi za vijijini nchini Tanzania, tukiwa katika mkutano mkuu wa umoja wetu, tumekubaliana kutoa tamko hili kwa makanisa ya Marekani, Ulaya na kwingineko yanayotuma vikundi vya kujitolea kwa wiki moja au mbili, kwa makanisa wenyeji yanayovipokea, na kwa wazazi wa watoto tunaowafundisha.

Hatufungi mlango. Wengi wetu tulijifunza kusoma katika shule zilizoanzishwa na wamisionari na kuchukuliwa na Serikali mwishoni mwa miaka ya 1960. Miongoni mwetu wamo wazee wa kanisa na makatekista, na wamo Waislamu waliokaa kwenye madawati hayohayo. Tunachodai ni jambo moja: kikundi kinachoingia shuleni kiingie kwa kuitwa na shule, kwa kazi ambayo shule yenyewe imeiomba, na kwa ratiba ya shule.

Vikundi vingi huja Juni, Julai na Agosti, kwa kuwa ndiyo miezi ya likizo ndefu makwao. Kwetu shule hufungwa Juni, na zikifunguliwa Julai darasa la saba limebakiza wiki chache kufika mtihani wa Septemba. Ndipo basi dogo huegeshwa chini ya mwembe saa tatu asubuhi, mwalimu wa zamu akagonga kengele, na madarasa yote yakatoka nje. Zinaimbwa nyimbo, yanafanywa maigizo, unachezwa mpira hadi saa saba mchana, na kesho yake vivyo hivyo hadi Ijumaa. Mwalimu wa hisabati aliyekuwa na andalio la sehemu na asilimia kwa wiki ile hana mahali pa kuzifidia siku hizo. Mtoto wa mkulima hana mwalimu wa ziada nyumbani. Kipindi kikipotea kimepotea.

Mwalimu mkuu anaona yote hayo na ananyamaza. Wageni wameletwa na mchungaji, mtendaji wa kijiji amejulishwa, na pengine kikundi kilichotangulia kiliacha madawati thelathini. Atasemaje hapana? Woga huo umetugharimu, na tamko hili limeandikwa ili mwalimu mkuu yeyote awe na karatasi ya kuonyesha.

Kuhusu kufundisha, tunasema bila kuzunguka. Kijana wa miaka 19 ambaye hajawahi kusomea ualimu hasimamishwi mbele ya darasa letu, hata kama ana moyo mwema na hata kama anazungumza Kiingereza vizuri kuliko sisi. Lugha ya kufundishia katika shule zetu ni Kiswahili. Mtoto wa darasa la tatu anayesomeshwa kwa mkalimani husikia nusu ya somo, na nusu hiyo hukatikakatika. Kule kwao kijana huyo asingeruhusiwa kushika darasa bila sifa za kazi na bila mwenendo wake kuchunguzwa. Watoto wetu wanastahili ulinzi uleule, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haimbagui mtoto wa kijijini.

Katika shule mojawapo mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa amechora ukutani, kwa rangi aliyoinunua mwenyewe, silabi zote kuanzia ba, be, bi, bo, bu, pamoja na tarakimu hadi mia moja. Hakuwa na vitabu vya kutosha vya KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu), hivyo ukuta ndio uliokuwa kitabu cha darasa zima. Kikundi kilikuja kupaka rangi. Kiliukwangua ukuta, kikaupaka bluu, kisha kila mgeni na kila mtoto akachovya kiganja na kukibandika. Zilipigwa picha nyingi siku hiyo. Jumatatu iliyofuata mwalimu aliingia na fimbo yake ya kuonyeshea silabi akakuta viganja. Hakuna aliyekuwa amemuuliza ukuta ule una kazi gani. Swali la dakika moja lingeliokoa kazi ya likizo yake nzima.

Kuhusu mahubiri, tunawaomba ndugu zetu katika Kristo watusikilize kwa makini, kwa maana hapa ndipo tunapoumia zaidi. Shule ya msingi ya Serikali ni ya watoto wote wa kijiji. Kipo kipindi cha dini kwenye ratiba. Wakristo huenda kwa mwalimu wao wa dini, Waislamu kwa wao. Utaratibu huo umetunza amani ya vijiji vyetu, na Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa imani yake. Yametokea mahubiri mstarini, shule nzima ikiwa imesimama, mgeni akasema anayetaka kumpokea Yesu anyooshe mkono. Mikono ikapanda yote, ikiwamo ya watoto wa imamu wa msikiti wa jirani. Mtoto wa miaka minane amenyoosha kwa sababu mtu mzima amemwambia anyooshe, na boksi la pipi liko mezani. Jioni wazazi walikuja kwa mwalimu mkuu, si kwa wageni, kuuliza watoto wao wamefanywa nini. Wageni walikuwa wameshaondoka. Kujibu swali lile kulimchukua mwalimu yule muhula mzima, nyumba kwa nyumba.

Kwa hiyo tunatamka kwamba hakutakuwa na mahubiri mstarini wala darasani kwa wanafunzi wa imani mchanganyiko. Anayetaka kuhubiri, kanisa la kijiji lipo na Jumapili ipo, na wengi wetu tutakuwepo kumsikiliza.

Picha nazo zina adabu yake. Mtoto hapigwi picha bila ruhusa ya mzazi wake, haombwi kusimulia ufukara wa kwao mbele ya kamera, na hapewi pipi kwa kurushiwa. Kalamu, viatu na madaftari vikabidhiwe kwa kamati ya shule, iliyo na orodha ya wenye uhitaji na inayojua ni mzazi gani ataona aibu.

Sasa tuje kwenye majengo. Karibu kila kijiji kina boma la darasa lililojengwa kwa nguvu za wananchi likasimama kwenye lenta likisubiri bati. Nauli ya ndege ya mtu mmoja kutoka Marekani kuja na kurudi hupita dola 1,000, yaani zaidi ya shilingi milioni mbili. Ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi mmoja wa shule ya msingi imepangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Nauli ya mgeni mmoja inazidi ruzuku ya wanafunzi mia mbili. Hatusemi wageni wasipande ndege. Tunasema kanisa linalotuma watu kumi na tano kubeba matofali kwa siku sita, wakati fundi wa kijiji amekaa kibarazani hana kazi, lipige hesabu hiyo kabla ya kukata tiketi. Mtafiti Kurt Ver Beek alichunguza nyumba zilizojengwa Honduras baada ya kimbunga Mitch cha mwaka 1998. Nyumba iliyojengwa na kikundi cha wageni, nauli zikihesabiwa, iligharimu kama dola 30,000. Iliyojengwa na shirika la wenyeji kama dola 2,000. Fedha ile ingeezeka maboma mangapi?

Si mara ya kwanza Afrika kusema na makanisa yanayotutumia watu. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, alisimama Milwaukee, Marekani, akaomba wamisionari na fedha zao visitishwe kwa muda ili makanisa ya Afrika yasimame kwa miguu yake. Mkutano wa Makanisa ya Afrika Yote ukauchukua wito huo Lusaka mwaka 1974. Wengi walikasirika. Sisi hatuombi kama alivyoomba yeye, lakini tunaelewa alikuwa analinda nini. Kadhalika tunamkumbuka mmisionari Johannes Rebmann, aliyefika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1846 akaondoka mwaka 1875 akiwa karibu kipofu. Miaka ile yote alijifunza lugha za watu na kuziandika. Hakuna anayemtaka mwalimu wa likizo akae miaka 29, ila aje akijua kwamba kazi ya dini katika ukanda wetu ilifanywa kwanza kwa kusikiliza.

Yapo yanayotufaa, na tunayaomba kwa moyo mkunjufu. Mwalimu mzoefu wa kusomesha watoto wadogo anaweza kukaa na walimu wetu wa darasa la kwanza na la pili mchana baada ya vipindi, wakabadilishana mbinu. Hilo litabaki shuleni akishaondoka. Wapimaji wa macho wanahitajika sana, kwa sababu tuna watoto wanaoitwa wazito kumbe hawaoni ubao. Tunahitaji matundu ya vyoo: kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na shule nyingi ziko mbali na hapo. Tunahitaji chumba cha wasichana kujisitiri, chenye maji. Kikundi kikitaka kushika koleo, kije siku ya msaragambo, kichote mchanga pamoja na wazazi, chini ya fundi wetu na kwa malipo ya fundi yaliyokubaliwa. Na kikundi kinachorudi shule ileile mwaka hadi mwaka, kinachomjua mwalimu mkuu kwa jina na kuuliza kwanza ni nini kimeharibika, tunakithamini kuliko vikundi vitano vipya.

Wachungaji na mapadre wetu, ninyi ndio mnaoandikiwa barua na makanisa rafiki. Msiahidi shule msiyoiongoza. Mlete barua hiyo kwa kamati, hata kama jibu litakuwa la kusubiri.

Kuanzia muhula ujao, shule wanachama zitapokea kikundi kwa maombi ya maandishi yatakayofika kwa kamati ya shule miezi mitatu kabla, nakala kwa Afisa Elimu Kata. Maombi yataje kazi iliyoombwa, majina ya wanaokuja, uthibitisho wa mwenendo wao kutoka mamlaka za kwao, na kibali kinachotakiwa na Uhamiaji kwa wanaojitolea. Hakuna mgeni atakayebaki peke yake na mtoto. Kuanzia Julai hadi mtihani wa Septemba, darasa la saba halitatolewa darasani kwa ajili ya ugeni wowote. Mwalimu mkuu atakayekataa kikundi kwa kufuata masharti haya atasimamiwa na umoja wote, na barua ya kukataa itaandikwa kwa jina la umoja.

Tamko hili litasomwa kwenye mikutano ya wazazi ya kufungua muhula na kubandikwa kwenye mbao za matangazo za shule na ofisi za vijiji. Nakala ya Kiingereza itatumwa kwa makanisa rafiki kupitia makanisa wenyeji.

Limepitishwa na mkutano mkuu wa wanachama na kutiwa saini na Mwenyekiti na Katibu kwa niaba yao.