Kisiki Kilicho Hai Kisiuawe



Ukipita katika nchi kavu wakati wa kiangazi, utaona vumbi na visiki. Wengi husema, "Hapa pamekufa." Mimi nasema hapajafa. Chini ya kisiki cha mgunga mizizi ingali hai. Mvua za kwanza zikinyesha, kisiki huchipua, maua ya porini huchanua, na nyuki hurudi.

Tutazame Shinyanga. Wakati wa ukoloni vichaka vingi vilifyekwa ili kuangamiza mbung'o. Baadaye miti ilikatwa kwa ajili ya kuni na mashamba ya pamba. Nchi ikawa tupu. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Miche ilioteshwa vitaluni. Lakini kazi kubwa ilifanywa na ngitili. Hii ni desturi ya zamani ya Wasukuma. Malisho hufungwa wakati wa mvua, kisha hufunguliwa kiangazi. Mifugo isipoingia, miti ya asili huota yenyewe. Hadi mradi ulipokwisha mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi kuwa ngitili.

Wako watakaouliza, "Ardhi ni haba. Tutafunga ipi?" Swali hili ni la haki. Anza na kipande kidogo. Katika kila kisiki acha machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka. Mengine yakate, upate fito na kuni. Mche wa kununua huhitaji maji ya kumwagilia. Kisiki kina mizizi mirefu tayari.

Lakini ngitili ya mwenye ng'ombe wengi peke yake haitoshi. Mjane asiye na ng'ombe naye anahitaji kuni, dawa, ukwaju na asali. Akifungiwa nje, atakata miti usiku, nasi tutamwita mwizi. Kwa maoni yangu, kosa litakuwa letu. Kwa hiyo mkutano wa kijiji uamue nani aingie, lini, na achukue nini. Uamuzi huo uandikwe. Wewe uliyejifunza kusoma, usome kwa sauti mbele ya wote, ili asiwepo wa kudanganywa.

Jadilini darasani:
1. Ni miti gani ya asili iliyotoweka kijijini kwetu?
2. Ni nani hapati kuni, na kwa nini?