Ushuru wa uchakavu haumgusi tajiri

Wapo watu wakaao mijini ambao, kila wasikiapo kwamba mwalimu au mganga wa wilayani amenunua gari kuukuu kutoka Japani, hucheka na kusema kuwa nchi imegeuzwa jaa la vyuma chakavu. Kicheko hicho ni cha mtu aliyeshiba.

Barabara kuu ya lami hupita Tarime mpaka mpakani Sirari, lakini vijiji vingi vya Tarime na Serengeti viko mbali nayo. Mtumishi wa umma aishiye huko hatafuti gari kwa ajili ya fahari. Hulitafuta ili mgonjwa afikishwe hospitali usiku wa masika, na mazao yafike sokoni kabla hayajaoza. Kwa mshahara wake, gari analoweza kulifikiria ni lile lililokwisha kutumiwa na mwingine.

Na sheria humpokeaje? Chukua gari dogo lenye umri wa zaidi ya miaka 10, injini yake ikiwa baina ya sentimita za ujazo 1,000 na 2,000, lililofika bandarini kwa shilingi milioni 6. Hutozwa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5, ushuru wa uchakavu asilimia 30, kisha kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18 juu ya jumla yote. Hata tozo ndogo ndogo zikiachwa, gharama hukaribia shilingi milioni 12. Uchakavu peke yake, pamoja na kodi iliyopandishwa juu yake, huongeza zaidi ya shilingi milioni 2 na nusu.

Mwenye nacho aagizaye gari jipya lenye injini kubwa kupita sentimita 2,000 hutozwa ushuru wa bidhaa asilimia 10, na uchakavu haumhusu. Asilimia 35 kwa mwenye kidogo, 10 kwa mwenye kingi! Je, huo ndio usawa?

Watetezi wa ushuru huu hunyoosha kidole ng'ambo ya Sirari. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka 8, na Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Lakini Kenya ina viwanda vya kuunganisha magari Thika na Mombasa vya kuvilinda. Kibaha iliwahi kuunganisha malori ya Scania, na huko huko Nyumbu ilianzishwa mwaka 1985 kwa shabaha ya kujitegemea. Gari dogo la bei ya mshahara wa mwalimu halijapatikana hapo. Kumnyang'anya mtu kuukuu kabla ya kumpa jipya si maendeleo.

Ni kweli kwamba magari mabovu huua. Lakini breki haziharibiwi na kalenda. Huharibiwa na matumizi na uzembe. Gari la miaka 6 lililopuuzwa ni hatari kuliko la miaka 14 lililotunzwa. Basi na vipimwe breki, taa, usukani na moshi, tena kila mwaka na katika kila wilaya, na lililo bovu liondolewe barabarani bila kujali mwenyewe ni nani.

Serikali haina budi kutoza kodi. Lakini kodi ya haki hupima uwezo wa mlipaji, wala haimwadhibu mtu kwa sababu hana fedha za kununua kipya.