Ati Msomi Hafai Kuvaa Nyota

Maofisa wengi wa Jeshi la Nchi Kavu la Marekani hawakupita chuo cha kijeshi cha West Point. Walisoma jiolojia, historia, uhasibu au uhandisi katika vyuo vikuu vya kawaida, wakalala mabweni mamoja na wanafunzi wengine, wakapanga nao foleni ya chakula, na asubuhi kadhaa za wiki wakaamka kabla ya jua kwenda kukimbia na kupiga kwata. Mpango huo ni ROTC, yaani Kikosi cha Mafunzo ya Maofisa wa Akiba, na hakuna chanzo kingine kinacholipatia jeshi hilo maofisa wapya wengi kama huo. Pamoja na hayo, imani moja haifi. Inasema ofisa wa kweli hupikwa kambini tangu ujana wake, na kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu, mwenye vitabu kwapani na maswali mdomoni, hafai kuongoza askari. Juzijuzi imerudiwa redioni, katika kipindi cha asubuhi, na mchambuzi mwenye uhakika wa mtu ambaye hajawahi kudaiwa ushahidi.

Mpango wenyewe ni wa zamani. Mwaka 1819 Kapteni Alden Partridge, aliyekuwa amekwisha kuiongoza West Point yenyewe, alifungua huko Norwich, Vermont, chuo cha kufundisha raia elimu ya kawaida pamoja na ya kijeshi. Mwaka 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, Sheria ya Morrill iliyapa majimbo ardhi ya kuuza ili yajenge vyuo vya kilimo na ufundi, kwa sharti kwamba mbinu za kijeshi zifundishwe humo. Sheria ya Ulinzi ya Taifa ya 1916 ikaunganisha juhudi hizo chini ya jina la ROTC. Jeshi la Wanamaji likafuata kwa mpango wake mwaka 1926. Hofu ya waasisi ilikuwa moja: jeshi la kudumu linaloongozwa na watu waliotengwa na jamii huishia kujiona jamii nyingine, lenye damu yake na heshima yake, na raia huwa kwake wageni tu.

Mafunzo huchukua miaka minne, sambamba na masomo ya shahada. Miaka miwili ya kwanza mwanafunzi asiye na ufadhili wa jeshi halazimiki kitu; anajifunza kusoma ramani, kutumia dira, huduma ya kwanza na historia ya vita, na akichoka anaondoka. Mwaka wa tatu anatia saini mkataba, na hapo mzaha unakwisha. Anapewa kikosi cha watu tisa, wenzake anaokaa nao darasani, na kazi ya kukiongoza. Anachuchumaa kwenye kijisitu nyuma ya uwanja wa michezo, anatandaza udongo, anaweka kamba kuwa mto, kijiti kuwa daraja, kipande cha karatasi kuwa adui, kisha anasoma amri yake kwa mpangilio wa mafungu matano: hali, jukumu, utekelezaji, mahitaji, uongozi na mawasiliano. Akisahau kusema majeruhi watabebwa na nani, mwenzake atamuuliza palepale. Kiangazi kinachofuata anapelekwa Fort Knox, Kentucky, zaidi ya mwezi mzima, na kila nafasi ya uongozi anayopewa inaandikiwa alama. Akihitimu anatunukiwa kamisheni ya luteni usu, na hata hivyo haachiwi platuni siku hiyohiyo. Kwanza anapitia kozi ya fani yake, iwe ya miguu, mizinga au uhandisi.

Swali la yule mwenzake kuhusu majeruhi ndilo kiini cha suala zima. Kambini mdogo hamuulizi mkubwa. Chuoni, kiongozi wa leo ni mtu aliyekopa daftari jana, na hakuna nyota itakayomwokoa asipojibu. Ofisa aliyelelewa hivyo amezoea kutii na pia kuulizwa, na amezoea kuishi na watu wasiomwogopa.

Watetezi wa kambi wana hoja nyingi, na wanayoipenda kuliko zote ni kwamba mwanafunzi hulala hadi saa nne asubuhi. Ndiyo hoja hiyo. Taifa lipange ulinzi wake kwa kuangalia nani anatangulia kuamka; kwa kipimo hicho jogoo angekuwa meja jenerali. Hoja ya pili ni kwamba msomi huvaa miwani. Jenerali Colin Powell aliivaa, na hakuna aliyesikia kwamba ilimzuia kuiona Baghdad.

Powell mwenyewe anatosha kufunga mjadala. Wazazi wake walihamia Marekani kutoka Jamaika; yeye alikulia South Bronx, akaingia Chuo cha Jiji la New York mwaka 1954. Katika jiolojia alama zake zilikuwa za kawaida, na kilichomkaa ni ROTC. Alihitimu mwaka 1958, na mwaka 1989 akawa Mwenyekiti wa Wakuu wa Majeshi wa kwanza aliyetokea katika mpango huo. Mark Milley naye alipata kamisheni kupitia ROTC ya Princeton mwaka 1980, akafika cheo hichohicho. Juni 2020, baada ya kuonekana akiwa na sare za kazi katika msafara wa Rais Trump, kwenye eneo ambalo waandamanaji walikuwa wametoka kutimuliwa, alisema hadharani kwamba hakupaswa kuwapo pale. Majenerali wanaosema hivyo mbele ya raia ni wa kuhesabu.

Na waliopikwa kambini? George Custer alihitimu West Point mwaka 1861 akiwa wa mwisho katika darasa lake. Mwaka 1876 aliwapeleka askari wake kwenye kifo huko Little Bighorn, naye akafa nao. Robert E. Lee alihitimu chuo hichohicho mwaka 1829 akiwa wa pili, kisha mwaka 1861 akajiuzulu na kwenda kuongoza vita dhidi ya nchi iliyomsomesha bure. Njia ya mkato nayo ilimtoa William Calley, aliyeshindwa masomo ya chuo huko Florida, akapewa kamisheni mwaka 1967 baada ya kozi ya maofisa Fort Benning. Mwaka uliofuata aliongoza platuni katika mauaji ya raia wa My Lai, Vietnam.

Afrika Mashariki haina haja ya kuazima mifano. Idi Amin aliingia jeshi la King's African Rifles mwaka 1946 akiwa na elimu kidogo sana na akalelewa kambini kama watetezi wa kambi wanavyotaka. Uganda inajua mapinduzi yake ya mwaka 1971 yalileta nini. John Garang, kwa upande wake, alimaliza shahada ya uchumi katika chuo cha Grinnell, Iowa, mwaka 1969, akapita Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, na baadaye akaongoza vita virefu vya Sudan Kusini akiwa na shahada ya uzamivu. Yoweri Museveni naye ni wa Mlimani, na mwaka 1986 aliingia Kampala na jeshi lake. Mtu anaweza kuwalaumu hawa wawili kwa mengi, ila si kwa kushindwa kubeba bunduki. Tanzania yenyewe ilipata rais, Jakaya Kikwete, aliyesoma uchumi Mlimani, akapita chuo cha kijeshi cha Monduli na kustaafu jeshi akiwa luteni kanali.

Wapinzani hukimbilia Oktoba 1966, wanafunzi wa Dar es Salaam walipoandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa na Mwalimu Nyerere akawafukuza zaidi ya 300. Wanasahau kwamba malalamiko makubwa yalihusu kukatwa mishahara, na kwamba Mwalimu aliijibu hoja hiyo ya fedha kwa kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Ugomvi wa mfukoni umegeuzwa ushahidi wa woga.

Imani hii ina ndugu yake, nayo inakera zaidi. Ni ile ya mzazi anayemtaka mwanawe mtukutu apelekwe jeshini akanyooshwe. Kijana kamshinda babake, kamshinda mwalimu, kamshinda mjumbe wa nyumba kumi, basi akabidhiwe bunduki. Wazazi haohao ndio wanaosema aliyefaulu vizuri asipoteze muda wake jeshini, aende benki. Halafu wanalalamika kwamba askari hana adabu kwa raia.

Kosa hilohilo la kuwatenga wasomi na jeshi liliwahi kufanywa na wasomi wenyewe. Wakati wa vita vya Vietnam, vyuo vikuu vikubwa vya Marekani, vikiwamo Harvard, Yale, Columbia na Stanford, viliiondoa ROTC au kuibana mpaka ikaondoka yenyewe. Katika Chuo Kikuu cha Kent State jengo lake lilichomwa moto tarehe 2 Mei 1970. Siku mbili baadaye wanafunzi wanne waliuawa kwa risasi za Walinzi wa Taifa. Hasira ile ilieleweka, lakini jeshi halikukosa maofisa. Mpango ulihamia zaidi vyuo vya Kusini na vya katikati ya nchi, na maprofesa waliofunga mlango wakaanza kushangaa kwa nini maofisa hawafikiri kama watu wa Boston. Harvard na Columbia ziliirudisha rasmi mwaka 2011, baada ya Bunge kufuta sheria iliyowazuia mashoga kutumikia jeshi kwa uwazi. Kwa miongo kadhaa kabla ya hapo, mwanafunzi wa Harvard aliyetaka kamisheni alilazimika kwenda MIT, chuo jirani, kufanya mafunzo yake.