Kazi za Mikono: Nyumba ya Miwani

Twaandika kutoka hapa Babati, chini ya mlima Kwaraa. Mwezi huu ukurasa wetu hauhusu mkeka wala kikapu, bali kitu kidogo ambacho wengi hukidharau mpaka siku ya msiba, nacho ni kifuko cha kutunzia miwani. Na tutaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe, maana afundishaye na kuficha makosa yake hafundishi vema.

Tulikwenda Magugu kununua mchele. Wakati wa kurudi tuliivua miwani kwa sababu ya jasho, tukaiviringisha katika leso, tukaitia ndani ya kikapu, kisha usingizi ukatuchukua. Basi lilijaa watu, kikapu kikasukumwa chini ya kiti, na mzigo wa mtu mwingine ukawekwa juu yake. Tulipofika Babati tukaifungua leso, tukakuta mkono mmoja wa miwani, ule unaoshika sikio, umekatika, na kioo cha kushoto kina ufa toka juu hata chini. Hatukuwa na mtu wa kumlaumu. Aliyeweka mzigo hakujua, na sisi tuliojua tulilala.

Wiki tano zikapita kabla hatujapata miwani mingine. Katika siku hizo barua zilipokuja tuliwapa watoto watusomee, hata zile zisizofaa kusomwa na mtoto. Uzi haukupita tena katika tundu la sindano. Na jambo lililotutia hofu kuliko yote ni dawa, kwa kuwa tulizitambua kwa rangi ya vidonge tu. Jioni moja tulikuwa tumekwisha kumimina maji ya kumpa mgonjwa wa nyumbani mwetu vidonge visivyo vyake. Mjukuu wetu alisoma maandishi ya bahasha, akatushika mkono. Tangu jioni ile hatusemi tena kwamba miwani ni pambo la wasomi.

Katika siku hizo hizo mzee mmoja wa Kigorowa, jirani yetu, alipita na panga lake kiunoni. Alitukuta barazani tumeinyosha barua mbali na uso kama mtu anayeota moto. Akauliza habari, tukamweleza yote. Akatuonyesha ala ya panga lake, iliyoshonwa kwa ngozi, akasema, "Mwanangu, hata chuma nakivika nguo. Wewe umeyalaza macho yako uchi ndani ya kikapu?" Tulicheka, lakini neno lile lilituingia, nalo ndilo lililozaa ukurasa huu.

Yafaa tufahamu kwanza kwa nini watu wengi sana huhitaji miwani wakifika umri fulani. Ndani ya jicho mna lenzi, nayo kwa kijana ni laini, hujigeuza umbo ili aone mbali na karibu. Miaka inapoongezeka lenzi hiyo hukakamaa, isiweze kujigeuza vema, na kwa wengi dalili huanza kuonekana karibu na miaka 40. Si ugonjwa wala si uchawi, ni uzee wa jicho. Huko Kongwa, katika Mkoa wa Dodoma, wataalamu waliwapima watu wa vijijini, na habari zao zilichapishwa mwaka 2006. Walikuta kwamba watu kama 6 katika kila 10 wenye miaka 40 na zaidi hawaoni vema vitu vya karibu, na wenye miwani walikuwa wachache sana. Wala tusidhani kwamba asiyesoma kitabu haihitaji. Mama anayechagua mawe katika mchele, fundi cherehani, msusi, mpanga shanga na mkulima anayechagua mbegu, wote hutumia macho ya karibu.

Na faida yake hupimika hata kwa fedha. Mwaka 2024 zilichapishwa habari za utafiti uliofanywa vijijini Bangladesh, nchi ya Asia. Watu zaidi ya 800 wenye miaka 35 hata 65, wenye kazi zinazotaka macho ya karibu, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja walipewa miwani ya kusomea papo hapo, na la pili wakaambiwa wangoje. Baada ya miezi 8 mapato ya waliopewa yalikuwa yamepita ya wenzao kwa karibu theluthi moja. Basi, ndugu, miwani ikivunjika huvunjika pamoja na sehemu ya chakula cha nyumbani.

Adui za miwani ni watatu. Wa kwanza ni uzito. Miwani hukaliwa kitandani, hulaliwa, huwekewa mizigo, au huchomoka katika mfuko wa shati mtu anapoinama kuteka maji. Wa pili ni vumbi. Barabara kuu ya kwenda Dodoma siku hizi ina lami, lakini njia zetu za vijijini bado hutoa vumbi wakati wa kiangazi, na bodaboda moja yatosha kulipaka uso mzima. Katika vumbi mna chembe za mchanga, nazo ni ngumu kuliko plastiki ya lenzi, hata kuliko kioo cha kawaida. Mtu anapofuta miwani mikavu kwa upindo wa kanga au kwa shati, huziburuta chembe hizo juu ya lenzi, zikaacha mikwaruzo isiyofutika. Adui wa tatu ni joto. Gari lililofungwa na kuachwa juani huweza kupita sentigredi 60 ndani yake, na fremu za plastiki zikikaa humo huweza kupinda.

Kifuko kizuri, basi, hakina budi kuwa na mambo mawili pamoja: ugumu nje na ulaini ndani. Kitambaa peke yake huzuia vumbi lakini hakizuii uzito. Mkebe mtupu wa bati huzuia uzito lakini hukwaruza. Watu wa kale waliyajua haya. Miwani ya kwanza ilitengenezwa Italia katika miaka ya 1280 hivi, nayo haikuwa na mikono ya kushika masikio, bali ilibanwa puani au kushikwa kwa mkono. Katika China ya zamani watu waliitia miwani katika ala ngumu iliyofunikwa ngozi ya papa au ya taa, wakaining'iniza ukandani kama mzee wetu na panga lake.

Na sisi wa Manyara si wageni wa kazi hii. Wanawake wa Kiiraqw walishona sketi za ngozi na kuzipamba kwa shanga kwa ustadi mkubwa, hata leo sketi zao zimehifadhiwa katika nyumba za makumbusho. Wabarbaig nao ni mafundi wa mavazi ya ngozi yenye matamvua. Ngozi mbichi ya mbuzi ikivikwa juu ya kigogo na kukauka huwa ngumu kama ubao, na huweza kufanywa ala njema ya miwani. Ila ina kasoro moja, ya kwamba ikilowa mvua hulegea tena. Kwa hiyo tulijaribu njia nyingine, ya vitu vilivyomo karibu katika kila nyumba, na hiyo ndiyo tunayowafundisha.

Tafuteni dumu tupu la mafuta ya kula la lita 5, mguu wa suruali kuukuu ya jinzi, kipande cha kanga ya pamba iliyofuliwa mara nyingi mpaka ikawa laini, kipande kidogo cha blanketi, mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli, kifungo, sindano imara na uzi. Dumu lisiwe lililotiwa dawa ya mimea au ya mifugo hata siku moja. Lioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni mpaka mafuta yaishe, maana mafuta yakibaki yatapaka lenzi ukungu.

Kwanza, pimeni. Kunjeni miwani, mchukue uzi, mkauzungushe mahali palipo panene kuliko pote. Uzi wetu ulikuwa sentimeta 16, tukaongeza 3, zikawa 19. Kisha pimeni urefu wa miwani iliyokunjwa. Yetu ilikuwa sentimeta 14, tukaongeza 2, zikawa 16. Kila mtu afuate kipimo cha miwani yake, kwa kuwa kifuko kikipwaya miwani hugongana na kuta zake, na kikibana mikono hupinda.

Pili, kateni plastiki. Katika ubavu wa dumu kateni vipande viwili, kila kimoja chenye urefu wa sentimeta 16. Upana wa kimoja uwe 19, na wa kile cha nje uwe 19 na nusu. Zungusheni pembe zote kwa mkasi zisije zikatoboa kitambaa. Kunjeni kipande cha kwanza kama bomba lililobonyea kidogo, mkivike cha pili juu yake, maungio yao yawe pande mbili mbalimbali, ili pasiwe na upande dhaifu. Fungeni kwa pete tatu nyembamba zilizokatwa katika mpira wa baiskeli.

Tatu, shoneni vifuko viwili. Cha ndani ni cha kanga, kikatwe upana wa sentimeta 20 na urefu wa 19. Cha nje ni cha jinzi, upana 22 na urefu 19. Kila kimoja kishonwe ubavuni na chini, mshono ukila nusu sentimeta tu kila upande. Wekeni kipande cha blanketi chini kabisa ya kifuko cha jinzi, halafu ingizeni bomba la plastiki, na ndani yake kifuko cha kanga, mishono yake ikitazama plastiki, isiiguse miwani. Pindeni mdomo wa kanga nje, mkaushone pamoja na mdomo wa jinzi.

Nne, tieni kifuniko. Kateni ulimi wa jinzi wenye upana wa sentimeta 9 na urefu wa 8, mkaushone nyuma ya mdomo. Mbele pigeni kifungo, na kwenye ulimi kitanzi cha kamba. Mgongoni shoneni ukanda mdogo wa kupitishia mshipi, ili mwenye kupanda bodaboda asiweke miwani mfukoni, bali aifunge kiunoni.

Hatutaki kuwadanganya. Kifuko hiki huzuia funguo, vumbi, kuanguka toka mezani na misukosuko ya kikapu, lakini mtu mzima akikikalia kwa uzito wake wote kitabonyea. Msafiri wa kupanda magari ya mizigo na akate kipande cha bomba la maji la plastiki la inchi 3, akitie mahali pa lile dumu. Hakipendezi, nacho hujaza kikapu, lakini ni kigumu.

Kifuko kikiisha, bado yapo mazoea mawili. Miwani yenye vumbi ioshwe kwanza kwa maji safi na sabuni kidogo, ndipo ifutwe kwa kitambaa laini cha pamba. Na kifuko chenyewe kikung'utwe na kupanguswa ndani kila wiki, kwa sababu kifuko chenye mchanga ni kibaya kuliko kutokuwa na kifuko. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulijenga ukuta, kwa gharama na kwa hofu ya jioni ile ya vidonge.

Mjukuu wetu ndiye aliyeshona kifuko cha kwanza, kwa maana sisi wakati ule hatukuweza kutunga uzi. Mshono wake ulikwenda upande kama njia ya mbuzi, na kifungo alichokitia ni chekundu, cha sare yake ya zamani. Miwani mipya ilipokuja tuliitia humo, na mpaka leo hatujakibadili. Wazazi, wapeni watoto wenu kazi hii siku ya mapumziko, kila mmoja amshonee babu yake au bibi yake. Mtoto atajifunza kupima na kushona, na mzee atajua nani aliyemlinda macho.

Yule mzee wa panga alipokiona alikigeuza mara mbili, akakibonyeza kwa kidole gumba, akauliza kama tunaweza kumfanyia kimoja. Tukamwuliza, "Babu, nawe una miwani?" Akatoa miwani yake mfukoni, imefungwa kwa uzi mahali mkono ulipokatika.