Tuliambiwa tulete ushahidi. Ushahidi uko kwenye tope

Vijana wenzetu, na ninyi dada na kaka mnaofanya kazi na mashirika, tunawaandikia kutoka Industrial Division, hapa Mbale.

Wengi wetu tunaishi Namatala na mitaa ya jirani. Kazi ikikosekana mjini tunashuka bondeni, kwenye mashamba ya mpunga na nyanya. Huko tunapewa pampu ya mgongoni, tunapuliza dawa kutwa nzima, jioni tunapokea pesa yetu, tunarudi. Glavu hakuna. Barakoa hakuna. Maandishi ya kwenye chupa ni madogo, tena ya Kiingereza, na wengi wetu tulisoma Kifaransa. Usiku kichwa kinauma, macho yanawasha. Kesho yake tunarudi tena, maana watoto lazima wale.

Tulipeleka malalamiko haya kwenye ofisi moja. Tulipokelewa vizuri, hata soda tulipewa. Halafu tukaambiwa: "Leteni ushahidi." Njiani tulicheka, lakini neno lile lilituuma. Ushahidi tuutoe wapi, sisi wenye macho mekundu tu?

Basi tukaanza kusoma, na tulichokuta kilitushangaza. Kuna visiwa vya Norwe vinaitwa Svalbard, karibu na ncha ya kaskazini ya dunia. Huko hakuna anayelima nyanya. Lakini wanasayansi walipotoboa barafu ya huko walikuta dawa za wadudu, ikiwemo klopirifosi na endosalfani. Na huko Antaktika, ncha ya kusini, mwaka 1966 wanasayansi walitangaza kwamba wamekuta DDT kwenye miili ya pengwini. Nani aliwapulizia pengwini?

Inakuwa hivi. Dawa ikipulizwa penye joto, sehemu yake inageuka mvuke na kubebwa na upepo. Ikifika penye baridi inatua pamoja na theluji. Theluji ya mwaka huu inafunikwa na ya mwaka ujao, inagandamizwa, inakuwa barafu. Wanasayansi wanatoboa kwa bomba, wanatoa mche mrefu wa barafu kama muwa, wanaukata pingili pingili. Kila pingili ina miaka yake. Wanaiyeyusha, na mashine inatenganisha kemikali na kuzipima moja moja, hata kama ni chembe ndogo sana.

Barafu hiyo hiyo inasema pia habari za hali ya hewa. Ndani yake kuna mapovu ya hewa ya zamani. Antaktika walitoboa zaidi ya kilomita tatu kwenda chini wakapata hewa ya miaka 800,000 iliyopita. Katika muda wote huo hewa ya kaboni haikupita sana sehemu 300 katika milioni. Leo imepita 420.

Wala si mambo ya Wazungu na baridi yao tu. Mwaka 2000 Lonnie Thompson wa Marekani na timu yake walitoboa barafu ya Kilimanjaro. Miche waliyotoa ilionyesha historia ya miaka kama 11,700. Ndani yake kuna tabaka la vumbi la miaka kama 4,000 iliyopita, alama ya ukame mkali uliopiga Afrika. Lakini kumbukumbu hiyo inayeyuka. Kati ya mwaka 1912 na 2000 Kilimanjaro ilipoteza asilimia 80 hivi ya barafu yake. Na wale wetu waliokulia Beni na Butembo wanaujua mlima Ruwenzori. Mwaka 1906 ulikuwa na barafu ya kilomita za mraba sita na nusu hivi. Kufika mwaka 2003 haikufika hata kilomita moja. Barafu ikiisha, shahidi amekufa kabla ya kuulizwa.

Sasa turudi kwetu. Mlima Masaba hauna barafu leo. Tunao mto, na mto hauna kumbukumbu: maji ya asubuhi jioni hayapo. Ila tope lipo. Tope la kwenye bonde na ziwa linajipanga tabaka juu ya tabaka, kama theluji. Wanasayansi wanalitoboa pia na kulisoma. Kwa hiyo ushahidi mliotuomba upo, umelala chini ya miguu yetu tunapopanda mpunga. Kinachokosekana ni mtu wa kuupima.

Tusidanganyane, tope lina mipaka yake. Sumu za zamani kama DDT zinakaa miaka mingi. Dawa nyingi za siku hizi zinavunjika haraka, kwa hiyo ukija kupima miezi mitatu baada ya kupuliza unaweza kuondoka ukisema "hakuna kitu". Inabidi sampuli ya maji na tope ichukuliwe wiki ile ile ya kupuliza, na nyingine baada ya mvua kubwa. Na mafuriko yanavuruga kumbukumbu. Mwisho wa Julai 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilipofurika na kuua zaidi ya watu 20, tope la huku lilihamia kule, likaingia majumbani. Tulilizoa kwa mikono. Hatukusikia mtu akiuliza lilikuwa na nini ndani.

Wapo watakaosema: ninyi wenyewe ndio mnaopuliza, mnamlalamikia nani? Ni kweli, tunapuliza. Wala hatusemi dawa zote zipigwe marufuku, kwa sababu wadudu wakimaliza nyanya na sisi kibarua kimeisha. Lakini anayebeba pampu ana haki ya kujua amebeba nini. Uganda ni mwanachama wa Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 kuhusu sumu zinazodumu. Serikali ina maabara yake ya uchunguzi Wandegeya, Kampala. Mlango upo, ila sisi hatuna nauli wala barua ya kuufungua.

Kwa hiyo wenzetu wa mashirika, tunaomba mambo matatu. Mosi, kwenye bajeti yenu ya maji na usafi wekeni pesa ya kupima dawa za wadudu. Kupima vijidudu peke yake hakutoshi. Pili, mafunzo ya kusoma chupa, kwa Kiswahili, pamoja na glavu na barakoa. Tatu, majibu ya vipimo yarudi kwetu, yasiishie kwenye ripoti.

Na sisi vijana tuna kazi ambayo haihitaji pesa nyingi. Tununue daftari moja kwa kila kikundi. Kila siku ya kibarua tuandike: tarehe, shamba liko upande gani, jina lililoandikwa kwenye chupa, mvua ilinyesha au la, nani aliumwa na nini. Chupa tusitupe mtoni, na jamani, jerikani ya dawa tusiiteke maji ya kunywa, hata tukiiosha mara kumi.

Daftari letu tumeshalianza. Tukirudi kwenye ile ofisi tutakwenda nalo.